Gari Livutalo Upande katika Vilima vya Gusii

Katika nyanda za juu za Gusii nchini Kenya, tangu Suneka hadi Keroka na tangu Ogembo hadi Nyamira, ni taabu kuipata robo maili ya barabara iliyo sawasawa: ikiwa haipandi basi inashuka, ikiwa haipandi wala haishuki basi inapinda, na hata pale inaponyooka kwa kitambo kidogo bado mgongo wake umeinuliwa katikati ili maji ya mvua, ambayo nchi hiyo hujaaliwa zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, yasituame juu ya lami bali yateremkie mitaroni. Dereva aliyezoea kuendesha humo mikono yake haiachi kushughulika na usukani kutwa nzima, na kwa sababu hiyo gari lake laweza kuwa na illa ya kuvuta upande kwa muda mrefu asiitambue, akidhani kwamba ni njia inayomsukuma. Au kinyume chake, akaingia gharama ya kulifungua gari zima lisilo na ugonjwa wowote, ilhali taksiri yote ni ya mgongo wa barabara.

Mintarafu ya illa hii, desturi iliyoenea ni ya kuanzia mwisho wa kazi. Mwenye gari akihisi usukani unamponyoka kuelekea upande mmoja, hukata shauri papo hapo kwamba alaimenti imeharibika, akaenda penye mashine, akalipa ada yake, akakabidhiwa gari pamoja na karatasi yenye tarakimu nyekundu na kijani asizozielewa, na kabla ya wiki kwisha gari linavuta kama lilivyokuwa likivuta. Naye huanza kumlaumu fundi, au mashine, au Wajapani waliolitumia gari hilo kabla yake. Kwa kweli aghalabu si fundi wala mashine iliyokosa. Alaimenti ni kuzipima na kuzirekebisha pembe za magurudumu, na pembe hizo hazifai kitu iwapo tairi lenyewe lina kasoro, au breki imeng'ang'ania, au bushi, yaani mpira wa kiungo, imelika hata gurudumu likawa linahama mahali pake kila gari liendapo. Kwa hiyo rai yangu ni hii: kabla hujauliza ni kitu gani kilivutacho gari, uliza kwanza linavuta wakati gani, kisha uanze na vitu vya bei nafuu vinavyoonekana kwa macho na kugusika kwa mkono, ukiiacha mashine ya alaimenti iwe ya mwisho.

Fundi mzoefu utamjua kwa maswali yake. Dereva wa Toyota Probox ya abiria huingia gereji ya jua kali, injini ingali ikinguruma kwa kuwa ana haraka ya kurudi stendi, akasema bila ya kushuka: "Fundi, hii gari inavuta kushoto, nikazie tairodi niende." Fundi asiyeijua kazi hudaka spana. Aijuaye huifuta mikono yake kwa kitambaa, akainama dirishani na kumwuliza: "Inavuta saa zote, mzee, ama ni ukishika breki tu?" Na dereva akijibu kwamba ni akishika breki, basi nusu ya gari imekwisha kuondolewa katika orodha ya washukiwa bila ya nati hata moja kulegezwa. Kisha huendelea: "Na ukikanyaga mafuta je? Ilianza polepole ama ilianza siku moja? Umeweka tairi ingine juzi? Uligonga shimo?" Dereva aliye na haraka huyaona maswali haya kuwa ni porojo za kumchelewesha, kumbe ndiyo sehemu ya kazi iliyo na thamani kubwa kuliko zote, na pengine ndiyo sehemu pekee asiyolipishwa.

Liko jambo moja ambalo watu hulichanganya na kuvuta, nalo yafaa liwekwe kando mapema. Gari laweza kwenda moja kwa moja, mikono ikiwa imelegezwa, hali usukani wenyewe umekaa mshazari, nembo iliyo katikati yake ikitazama upande. Gari la namna hiyo halivuti. Usukani wake tu ndio usiokaa katikati, na tairodi, yaani fimbo ziunganishazo usukani na magurudumu, zikirekebishwa sawasawa kushoto na kulia, usukani hurejea mahali pake. Gari livutalo ni lile ambalo ukiulegeza usukani huanza kuihama njia yake, na ukitaka liende sawa huna budi kulizuia kwa nguvu, kiasi kwamba ukifika Sotik kutoka Kisii bega moja limechoka na jingine li zima.

Mshukiwa wa kwanza ni barabara. Kenya, kama Tanzania na Uganda, huendesha kushoto. Na kwa kuwa barabara ya lami hujengwa ikiwa imeinuka katikati na kuteremka pembeni kwa kadiri ya sentimita mbili au tatu katika kila mita, na ile ya moramu huinuliwa zaidi ya hapo, gari lililo kwenye upande wake huwa limelala kidogo kuelekea kushoto, na hapana ajabu likiteremkia huko polepole pindi usukani unapoachiliwa. Huko Rwanda, Burundi na Kongo, ambako watu huendesha kulia, mambo huwa kinyume. Kuvuta kidogo kushoto, basi, si ugonjwa hata kidogo. Baadhi ya watu hufikiri kwamba watalithibitisha jambo hili kwa kwenda na kurudi katika barabara ile ile, wakitarajia kwamba mvuto utageuka upande. Lakini mgongo wa barabara huteremkia kushoto kwa aendaye na kushoto vilevile kwa arudiye, kwa hiyo safari ya kurudi haitoi ushahidi mpya. Kipimo cha kweli ni uwanja mpana ulio sawa, au kuteremka hadi uwanda wa Kano, karibu na Ahero, mahali ambapo milima humwachia dereva nafasi ya kulisikiliza gari lake. Na iko hukumu moja isiyohitaji uwanja wala uwanda: katika barabara zetu, gari likivuta kulia hali njia imelala kushoto, barabara haina hatia, illa imo garini, na ni kubwa kuliko inavyohisiwa, kwa maana inaushinda mteremko.

Barabara ikisha kutolewa lawamani, zamu inayofuata ni ya matairi, na hapa ndipo pesa nyingi huokolewa. Jambo la awali ni upepo. Matairi mawili ya mbele yakitofautiana upepo kwa PSI 5 hadi 10, gari huvutiwa upande wa tairi lililo laini, kwa sababu tairi laini hulala zaidi chini na hivyo hugoma zaidi kuviringika. Kipimo kinachotakiwa kimeandikwa na watengenezaji katika kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na kwa magari mengi madogo huwa baina ya PSI 30 na 35. Lakini tadbiri ya kupima nayo ina sharti lake, nalo ni kwamba tairi liwe la baridi, yaani asubuhi kabla ya safari, kwa maana joto la mwendo huongeza upepo, na gari lililosimama juani ubavu mmoja laweza kukupa vipimo viwili tofauti visivyo na maana. Pima kwa geji. Teke la kiatu halijapata kuwa kipimo, ingawa ni wengi mno walitumiao.

Tena yatazame matairi yenyewe. Soko letu limejaa matairi ya mitumba, na dereva aliyepata pancha mbaya Daraja Mbili siku ya soko hununua lolote linaloingia katika rimu yake, akaondoka na tairi jipya kushoto na lililokwisha meno kulia, au la ukubwa mmoja upande huu na ukubwa mwingine upande ule. Tairi lenye kimo kifupi huzunguka mara nyingi zaidi katika masafa yale yale, na gari hulielekea. Matairi mawili yaliyo juu ya ekseli moja hayana budi kuwa ya ukubwa mmoja, namna moja na umri wa karibukaribu. Sharti hili ni la lazima zaidi mbele, walakini nyuma nako si la kupuuzwa.

Yaweza kuwa upepo ni sawa, na ukubwa ni sawa, na meno ni sawa, na bado tairi ndilo lililo na hatia. Matairi ya radiali, ambayo Michelin wa Ufaransa waliyasajili mwaka wa 1946 na kuanza kuyauza mwaka wa 1949, na ambayo leo ndiyo yaliyo chini ya takriban kila gari dogo, yana mishipi ya nyuzi za chuma iliyofichwa chini ya mpira, na mishipi hiyo ikikaa kidogo nje ya katikati, ama kwa dosari ya kiwandani ama kwa kukatika ndani baada ya kugonga shimo, upande mmoja wa tairi huwa mgumu na mwingine laini. Chukua bilauri iliyopanuka mdomoni, ilaze juu ya meza na uisukume: haitakwenda mbele, bali itazunguka kuuelekea upande wa kitako chake. Tairi la namna hiyo hufanya mambo hayo hayo, ingawa kwa macho ni duara kamili, na hapana mashine ya alaimenti itakayoigundua siri yake, kwa kuwa mashine hupima pembe za gurudumu, haipimi tabia ya mpira.

Dawa ya kulifichua ni nyepesi na haihitaji ila jeki na spana ya magurudumu. Yahamishe matairi mawili ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto, kisha uendeshe tena mahali pale pale. Ikiwa gari lililokuwa likivuta kushoto sasa linavuta kulia, kesi imekwisha: ni tairi. Ikiwa linavuta kushoto vilevile, basi matairi ya mbele yametakasika, na utafute kwingine. Tahadhari moja tu: yako matairi yenye mshale ubavuni uonyeshao upande wa kuzunguka, na hayo hayapasi kuhamishwa kwa kukatiza, badala yake hamisha la mbele liende nyuma katika ubavu ule ule, la nyuma lije mbele, uone kama mvuto utatoweka au utapungua. Mimi hushangaa kwamba jaribio hili lisilogharimu kitu hulifanya watu wachache mno, ilhali ni wengi walio tayari kununua vifaa vipya kwa kubahatisha.

Tukija kwenye breki, kuna fumbo linalowababaisha hata walio na miaka mingi kazini, nalo ni kwamba breki mbovu yaweza kulivuta gari kuelekea kwake au kuelekea mbali nayo, kwa kutegemea wakati. Gari likivuta saa zote, dereva akiwa hajaigusa breki, na sababu ikawa ni breki, basi hatia ni ya upande ule linakovutia, kwa maana breki ya huko imebana na haitaki kuachia. Lakini gari likienda sawa na kuvuta tu pindi breki inapokanyagwa, mara nyingi hatia ni ya upande wa pili: upande linakovutia ndio ufanyao kazi yake, na ule mwingine umelala. Fundi asiyeitambua tofauti hii huufungua upande mzima, akaubadilisha vifaa vizima, akauacha mgonjwa.

Breki iliyobana hujulikana kwa joto na harufu. Simama baada ya mwendo, na bila ya kugusa chuma, maana kinaunguza, sogeza kiganja karibu na kila rimu. Gurudumu linalotoa joto kupita wenzake ndilo. Katika mteremko mrefu joto huwa kwa magurudumu yote na kipimo hiki hukosa maana, kwa hiyo njia iliyo bora zaidi huku vilimani ni kuliinua gari kwa jeki mahali palipo sawa, likaegeshwa juu ya stendi imara, gia ikiwa huru na magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa mawe, na kuzungusha kila gurudumu la mbele kwa mkono ukilinganisha la kushoto na la kulia. Likionekana moja zito, kanyaga breki, achia, ulizungushe tena. Likiwa limekaza, legeza ile nipo ndogo iliyo nyuma ya kalipa ambayo hutumika kutolea upepo: ikiwa mafuta yataruka na gurudumu likalegea mara moja, basi kalipa haina kosa, bali mafuta yalikuwa yamefungiwa nyuma yake, na mshukiwa mkuu ni hozi ya breki, ambayo huvimba ndani na kuziba ingawa nje yaonekana nzima; lakini ikiwa mafuta yatatoka na gurudumu likabaki zito, basi ni pistoni ya kalipa, au pini zake za kuteleza zilizoota kutu na kukauka grisi. Tope jekundu la Gusii, lipenyalo kila mahali palipochanika kifuniko cha mpira, ndilo adui mkubwa wa pini hizo. Kazi ya kuzisafisha na kuzipaka grisi iliyowekwa kwa ajili ya breki haichukui hata saa moja, na hufaa ifanywe kila padi zinapobadilishwa; lakini kwa kuwa haionekani na mwenye gari, hurukwa.

Ama breki iliyolala, sababu zake ni zile zile za pistoni na pini kukwama, zikizidishwa na mafuta au grisi kumwagikia padi, jambo ambalo hutokea pale buti ya mpira ya shafti inapopasuka na grisi yake kurushwa na mzunguko, au, kwa breki za ngoma, pale silinda ya gurudumu inapovuja ndani. Padi iliyolowa mafuta haifai kuoshwa na kurudishwa. Tena ibadilishwe pamoja na mwenzake wa upande wa pili, la sivyo utakuwa umeuponya mvuto mmoja kwa kuuzaa mwingine.

Matairi na breki zikiwa safi, ndipo mtu aingie chini ya gari. Magari mengi madogo, na Probox miongoni mwao, hubebwa mbele na muundo uliobuniwa na Mmarekani Earle MacPherson katika miaka ya 1940 na kupata sifa kwa Ford za Uingereza, Consul na Zephyr, zilizotoka mwaka wa 1950. Ndani yake shoki na springi huwa ni nguzo moja iliyosimama, juu imefungwa katika bodi na chini imeshikwa na mkono wa chuma ambao mafundi huuita lowa amu. Ni muundo mwepesi na rahisi, wala si ajabu kwamba umeienea dunia. Lakini una jambo lake, nalo ni kwamba pembe ya gurudumu hutegemea unyofu wa ile nguzo na uzima wa bushi na boljointi za ule mkono, kwa hiyo chochote kinachopinda au kulika humo huonekana mara moja katika mwendo wa gari.

Na katika barabara zetu vya kupindisha havikosekani. Ingawa barabara kuu ya Isebania, Kisii na Ahero imetengenezwa upya, na hivyo dereva wa Kisumu hana sababu ya kulalamika sana, njia za kuingia vijijini ambako majani ya chai hukusanywa kwa ajili ya viwanda vya Nyansiongo, Kebirigo au Kiamokama zina mawe, mifereji iliyochimbwa na mvua, na kingo za lami zilizomeguka; na dereva anayempisha lori la chai katika njia nyembamba hutumbukiza magurudumu ya kushoto pembeni, akayapandisha tena kwa kishindo. Kila kishindo cha namna hiyo huusukuma mkono wa chini nyuma kidogo. Probox, ambayo Toyota waliitoa mwaka wa 2002 iwe gari la kubebea mizigo ya biashara, huku kwetu imegeuzwa matatu, ikapakiwa watu wasiolingana na viti vyake na mikungu ya ndizi nyuma, na mzigo huo aghalabu haukai katikati. Springi ya upande unaolemewa huchoka kabla ya mwenzake, bodi ikalala, na pembe za magurudumu zikahama. Hayo nayasema bila ya kuwakejeli madereva wa Probox, ambao bila ya wao watu wa Nyamaiya na Magombo wangekuwa na safari ngumu mno. Nasema tu kwamba chuma nacho kina kadiri yake.

Uchunguzi wa sehemu hii wahitaji macho, mkono na tepu ya kupimia. Liegeshe gari tupu mahali palipo sawa, ukapime kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa matao ya bodi juu yake: upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine kwa sentimita kadhaa, springi imechoka au imevunjika, na kipande kilichovunjika hujificha mara nyingi katika mkunjo wa chini kabisa. Kisha, usukani ukiwa umenyooka, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, ubavu wa kushoto kwanza na wa kulia baadaye. Vipimo viwili hivi vinatakiwa vikaribiane mno, na kimoja kikipungua kwa kidole kizima, basi gurudumu la mbele la ubavu huo limerudishwa nyuma, ama kwa mkono uliopinda ama kwa bushi iliyokufa. Hatimaye, gari likiwa limeinuliwa, shika gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia: mchezo wa juu na chini humshitaki boljointi au beringi, na wa kushoto na kulia humshitaki tairodi endi au rakiendi. Bushi za mkono wa chini hazijifichui kwa kutikiswa hivi. Fundi huzijaribu kwa kuingiza mtaimbo baina ya mkono na fremu na kuubinya polepole, akiutazama mpira unavyochanika na kuachana na chuma. Gari ambalo huvuta upande mmoja dereva anapokanyaga mafuta, na upande wa pili anapoyaachia, limekwisha kutoa jibu lake, na bushi hizo ndizo za kutazamwa kwanza.

Vani kubwa za abiria, kama Hiace, zina habari yao nyingine kwa nyuma, kwa kuwa ekseli yao hulalia majani ya springi yaliyofungwa pamoja kwa bolti moja ya katikati na kukazwa kwa yubolti. Yubolti zikilegea na bolti hiyo ikakatika, ekseli huteleza ubavu mmoja, na gari zima huanza kwenda mshazari, uso ukielekea huku na mwili ukifuata kule. Dereva hulazimika kuushika usukani umepinda daima, akadhani kwamba ugonjwa u mbele. Kwa bahati njema, mvua za Gusii humpa fundi shahidi wa bure: apitishe gari moja kwa moja juu ya ardhi ya moramu iliyolowa, ashuke, atazame alama. Magurudumu ya nyuma ya gari zima hupita katika njia za mbele, au yakizidi huzidi sawasawa pande zote. Ya gari lililohama ekseli huchora mistari yake yenyewe, iliyosogea yote upande mmoja.

Sasa ndipo mashine ya alaimenti ipewe heshima yake. Hupima mambo matatu. La kwanza ni kemba, yaani mlalo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele, na gari huvutiwa upande ambao kichwa cha gurudumu kimeegemea nje zaidi. La pili ni kasta, yaani jinsi mhimili wa kupindia ulivyolala nyuma ukilitazama gari kwa ubavuni, nayo ndiyo iurejeshayo usukani katikati baada ya kona. Gari huvutiwa upande ambao kasta imepungua, na ndiyo maana mkono uliosukumwa nyuma hulivuta gari kuelekea kwake. La tatu ni toini na toauti, yaani jinsi vidole vya magurudumu vinavyoelekeana au kuachana. Hili la tatu hula matairi na kupindisha usukani, lakini kwa magurudumu ya mbele si kawaida yake kulivuta gari, kwa kuwa mawili hayo hugawana kosa baina yao. Na hapa ndipo ilipo siri ya pesa zinazopotea: katika magari mengi madogo ya Kijapani, kiwanda kimeweka nafasi ya kurekebisha hilo la tatu pekee, kwa kuzungusha tairodi. Kemba na kasta hazina nati ya kuzirekebisha. Fundi wa mashine, hata awe stadi namna gani, atakurudishia gari lililorekebishwa jambo lisilovuta, na kuachwa na mawili yanayovuta.

Kwa hiyo omba karatasi mbili, ya kabla na ya baada, na usome safu za kemba na kasta ukilinganisha kushoto na kulia. Zikibaki na tofauti kubwa, hiyo karatasi haikuambii kwamba kazi imekwisha, bali inakuambia ni ubavu gani una chuma kilichopinda, nayo kwa njia hiyo ni ushahidi wa thamani ambao wenye magari wengi huutumia kufungia karanga.

Usukani wenyewe nao huweza kukosa, ingawa si mara nyingi. Kwa magari yenye usukani wa mafuta, inua magurudumu ya mbele na uwashe injini. Usukani ukizunguka wenyewe bila ya kuguswa, vali yake ina dosari. Yenye usukani wa umeme huhitaji kufundishwa upya mahali pa katikati kwa mashine ya uchunguzi, hususan baada ya kufunguliwa. Na gari likitoka kwenye kona huku usukani ukibaki pale ulipoachwa, beringi iliyo juu ya shoki imekauka.

Yote haya ni ya mvuto uliokuja polepole, ambao mwenye gari anao wasaa wa kuuchunguza. Mvuto wa ghafla ni jambo jingine. Ukianza katika safari moja, bila ya kutanguliwa na dalili, huwa ni pancha, au breki iliyoshika, au kiungo kilichoachia, na dereva hapaswi kuendelea hata kama stendi ya Keroka inaonekana mbele yake. Ashike usukani kwa mikono miwili, aachie mafuta, apunguze mwendo kwa gia badala ya kukanyaga breki kwa nguvu, atoke njiani na kuweka alama zake za hatari, kisha alizunguke gari akitazama magurudumu yote manne: lililokaa chini, linalofuka moshi, au lililoegemea kwa namna isiyofanana na mwenzake. Akiliona hili la tatu, boljointi imechomoka au iko karibu kuchomoka, na gari la namna hiyo halivutwi kwa kamba, kwa sababu gurudumu lililokosa mshiko litajikunja chini ya bodi mita chache mbele. Lipakiwe juu ya lori lipelekwe gereji.